Usiutazame Mlima

Mpendwa Mjomba Polikapi,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini mama alinifundisha kwamba shikamoo haiachwi kwa sababu mkubwa amelala, basi nami siwezi kuiacha kwa sababu tu usingizi wako umekuwa mrefu.

Nimekuota alfajiri ya leo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Uluguru mpaka kwenye mapaa yetu, kama unavyofanya wakati wa masika, na ndani yake nikauona ule mguu wa suruali nyekundu unatembea angani bila mwenyewe. Haukuwa na haraka. Chini yake ulisimama wewe, kofia yako ya njano ya kazini kichwani, filimbi ikining'inia kifuani, unautazama kwa yale macho yako ya kuchungulia mbali. Nikakuuliza, "Mjomba, leo anaenda wapi?" Ulininyooshea mkono upande mwingine kabisa na mlima, kama ulivyofanya siku zote, nikaamka ninacheka na mto umelowa.

Sababu ya ndoto naijua. Jana tuliitwa mkutanoni. Ng'ambo ya reli kumejengwa kiwanda kipya chenye matangi makubwa meupe, na siku hizi wenye viwanda vya namna hiyo, vile vinavyotunza kemikali zinazoweza kudhuru mtaa mzima zikitoroka, wanatakiwa wawaambie majirani wana nini mle ndani na mambo yakiharibika majirani wafanye nini. Alikuja binti mmoja wa serikali, mpole, viatu vimejaa matope na wala hajali. Akatuonyesha mlingoti wenye soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unaelekea wapi, mpya, ya rangi ya chungwa, akasema, "Wazazi wangu, king'ora kikilia, kitu cha kwanza tazameni ile." Watu wakageuza shingo. Mimi sikuweza, Mjomba. Nilijiinamia nikalia kwenye khanga yangu, na jirani yangu akadhani nimeogopa matangi.

Sikuyaogopa. Nilikukumbuka wewe. Nikaona bora nikuandikie, na wengine nao wasome, maana mtaa umejaa wageni na hawajui ni nani aliyewafundisha wenyeji wake kutazama juu.

Ulitushusha kutoka kule juu Matombo, milimani Uluguru, mimi na mama, ningali mdogo wa kubebwa begani pale njia inapoharibika. Baba alikuwa ameondoka na hakurudi. Kwetu Waluguru hilo halimwachi mtoto ukiwa, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mjomba ndiye nguzo. Ulikuja na viatu vya kiwandani miguuni, ukamwambia mama, "Dada, funga mzigo." Mama anasema hakuuliza wapi. Nakumbuka shingo yako ilivyonukia sabuni, na migomba iliyokuwa inapita pembeni ikidondosha maji, na wewe unaimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya sana.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya kiwanda cha nguo, tukitenganishwa nacho na ua wa seng'enge na mtaro. Pamba iliingia pale imechafuka, rangi ya vumbi, ikatoka shuka jeupe linaloumiza macho. Mvuke ulipanda kutoka kwenye mabomba asubuhi mpaka jioni, na kwa kuwa mlimani nako kulikuwa kweupe asubuhi, nikakuuliza kama ukungu wa Uluguru mnautengeneza ninyi. Ukasema ndiyo, tunaupeleka asubuhi na mlima unaturudishia jioni. Niliamini mpaka darasa la nne. Siku nilipogundua umenidanganya nilinuna, ukaninunulia muwa.

Weupe ule wa nguo haukuja bure. Mbali na mashine, kwenye kona ya kiwanja, kulikuwa na banda la matofali lenye nyavu badala ya madirisha, na ndani yake mitungi mikubwa ya chuma imelazwa kama watu waliopumzika. Ilijaa klorini, gesi ya kung'arishia nguo. Wewe ndiye uliyekuwa mtunzaji wa banda. Ulituambia bila kutuficha: kidogo ikiwa kwenye maji inaua vijidudu, nyingi ikiwa hewani inaua watu. Mama akafanya ishara ya msalaba. Nami nikaanza kuliogopa banda na kujivuna nawe kwa wakati mmoja.

Hadithi ya kifua chako ulitusimulia mara nyingi, na hukuwahi kujipendelea ndani yake. Ulikuwa mgeni kazini pamoja na rafiki yako Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wako wa kazini na wa nyumbani. Siku moja koki ya mtungi mmoja ikaachia. Mkaona kijiwingu cha kijani kikitambaa chini, macho yakawaka, koo likabana, na miguu yako ikafanya kile ambacho miguu ya kila Mluguru aliyeogopa hufanya. Ikaelekea mlimani. Upepo nao, kama ilivyo kwetu mchana mwingi, ulikuwa unaelekea mlimani. Ulikimbia pamoja na gesi, ukiivuta kila hatua, ukidhani unaikimbia. Maganga alikohoa kidogo tu akapona.

"Mimi ningekimbilia wapi?" alikuwa akidakia kila ulipofika hapo. "Tabora mbali. Nikakimbilia chooni." Choo kilikuwa pembeni, nje ya njia ya upepo. Wewe ukatoka hospitalini na kifua kinachopiga mluzi wakati wa baridi, na yeye akatoka na utani wa maisha.

Injinia wenu alikuwa mtu muungwana. Ulisema alikaa kwenye kitanda chako akakueleza taratibu kwamba gesi ile ni nzito kuliko hewa, inapita mabondeni na mitaroni, inafuata upepo, na mtu hujiokoa kwa kuupisha upepo, yaani kukatiza kando, kisha ndipo atafute mwinuko. Ukamwuliza, mbona mlima ni mwinuko. Akasema mlima ni mwinuko, ila uko mbali, na upepo haukusubiri ufike. Hapo ndipo ulipopata neno lako. Ulilirudisha nyumbani, ukalipeleka kwa wafanyakazi wenzako, ukalipeleka mtaani, sokoni, mpaka jumuiya ya sala: "Usiutazame mlima. Tazama soksi."

Watu walikucheka, nawe ulijua. Kumwambia Mluguru asiutazame mlima ni kumwambia mtoto asimtazame mama yake. Akina mama waliokuwa wanashuka na ndizi na mdalasini kuuza nje ya geti walikuuliza, "Polikapi, mlima umekukosea nini?" Ulipuliza filimbi yako mwanzoni mwa kila mwezi, ukawapanga watu wazima foleni, ukawaonyesha ile soksi ya turubai juu ya mlingoti, ukawauliza upepo unatoka wapi, wao watatokea wapi. Ulikuwa msumbufu, Mjomba. Kuna siku ulimsimamisha padri na baiskeli yake ukampima. Alikosea, ukamwachia na onyo.

Na mimi je, unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinilaza chali kwenye majani nyuma ya nyumba, tukaitazama soksi ikijaa na kulegea, ikijaa na kulegea. Ulisema upepo haulali mahali pamoja siku mbili. Ulinionyesha jinsi asubuhi unavyoshuka kutoka mlimani una baridi, jinsi jua likipanda unavyogeuka na kurudi huko huko, na jinsi mvua ikikaribia unavyosimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata. Nadhani saa zile ndizo nilizokupenda zaidi. Hatukuwa tunangoja ajali, tulikuwa tunatazama tu.

Kisha zikaja zile enzi za ruksa. Kila kitu kikaruhusiwa, na kweli tulifurahi, hatukatai. Sabuni ikapatikana, dawa ya meno ikapatikana. Lakini marobota ya mitumba nayo yakaja, yakamwagwa sokoni na mpaka Dumila njiapanda, shati zuri kwa bei ya embe, na nani tena angetaka shuka letu jeupe? Mashine zikaanza kulala siku mbili, kisha wiki, kisha mvuke ukakoma kabisa. Ile asubuhi ya kwanza bila mvuke nilitoka nje nikaona ukungu uko mlimani kama kawaida, nikakuonea huruma, kana kwamba uongo wako wa zamani ndiyo kwanza umegundulika.

Kiwanda kikabinafsishwa. Aliyekinunua hatukumwona sura; tuliona malori yake. Yalichukua mashine, yakachukua nyaya, yakachukua hata milango. Wenzako wakarudi makwao. Banda la kona halikuguswa, kwa sababu mitungi yenye gesi hainunuliki kama chuma chakavu na kuiondoa kunataka wenye ujuzi na vifaa vyao. Kila mtu alisema mwenzake ndiye anayehusika. Wewe hukuwa mfanyakazi wa mtu tena, ila kila asubuhi uliendelea kuvaa kofia ya njano, ukaruka mtaro, ukaenda kunusa nyavu za banda.

Soksi ya turubai ikachakaa, ikabaki nyuzi. Mama alikuwa na cherehani yake barazani pale sokoni, anapunguza nguo za mitumba kwa watu. Ukamletea tatizo lako. Alifikiri kidogo, akachomoa kwenye robota suruali moja nyekundu, ya jitu fulani la Ulaya, akakata mguu mmoja, akashonea duara la waya mdomoni ubaki wazi, akakurudishia. Ulipanda mwenyewe ukaufunga. Upepo ulipoingia, mguu ulijaa, ukanyooka, ukaanza kutembea angani kuelekea mlimani, na soko zima likacheka mpaka likakaa chini. Nguo iliyoua kiwanda ndiyo iliyobaki kutulinda na kiwanda. Mama ndiye aliyelisema hilo, na hakuwa anacheka.

Kuanzia hapo watoto wa mtaa hawakuuliza tena habari za upepo. Waliuliza, "Mzungu leo anaenda wapi?" Nawe ulijibu kwa uzito uleule, "Leo anapanda Uluguru, kwa hiyo sisi tunatokea barabara ya Dodoma."

Sasa nifike kwenye lile lililokuwa linauma nyumbani kwetu, na ambalo wageni hawalijui. Kaka yenu mkubwa, aliyeshika ukoo, alifariki kule juu. Zamu ilikuwa yako. Mashamba ya ukoo yanataka mtu wa kuyagawa, watoto wanataka mtu wa kuwasemea, makaburi yanataka mtu wa kuyafyekea. Wazee walishuka kukuita. Walikaa barazani kwetu na mkungu wa ndizi na asali, wakasema maneno yao mazuri, nawe ukawasikiliza umeinamisha kichwa. Ukawajibu, "Nikishakabidhi banda, naja." Walishuka tena mwaka uliofuata. Ukawajibu vilevile.

Mama hakuvumilia. Sijawahi kumsikia akisema nawe vile, kabla wala baada. "Polikapi, ukoo unakuita na wewe unalinda vyuma vya watu wasiokujua. Ukifa hapa bondeni nitawaambia nini?"

Ulikuwa unakoroga uji. Ulisema, "Dada, nikiondoka leo, kesho mtu atakuja na nyundo. Wewe na mtoto mnalala mita chache kutoka pale. Nitaugawa vipi mlima huku bonde limenishinda?"

Mama alitoka nje akasimama ameushika mlingoti wa kuanikia nguo. Wewe ulibaki unaukoroga uji ambao ulikwisha kuiva. Usiku ukiniombea heri, nilikuona unageukia dirisha la kusini, kule mlima uliko, kisha unafunga pazia. Ulikuwa unautamani mlima wa kwenu, Mjomba. Ulikuwa unautamani kuliko sisi wote, na ndiyo maana ulijua jinsi ulivyo hatari.

Mtu wa nyundo alikuja. Walikuwa wawili, wakata vyuma, siku ya soko, saa za jua kali. Walipita upande wa reli ambako seng'enge ilikuwa imeshaibwa. Mimi nilikuwa na mama barazani, nabana vifungo. Kwanza ilikuja ile harufu, ya dawa ya mashuka, na moyo wangu ukajua kabla ya kichwa. Kisha filimbi yako. Ndefu, fupi, ndefu.

Nilitazama juu. Mguu mwekundu ulikuwa umejaa, umenyooka sawasawa, unapanda Uluguru.

Na nikawaona akina mama wa ndizi. Wote, Mjomba, wale uliowapanga foleni mwezi hata mwezi, waliokuwa wakijibu maswali yako kwa kuimba. Walijitwisha vikapu, wakageuza migongo, wakaanza kukimbia kuelekea mlimani, na nyuma yao watoto, na nyuma ya watoto wateja. Hofu iliwafutia yote uliyowafundisha, ikawabakishia kwao tu. Uliwaita kwa majina. Kifua chako hakikuwa na sauti ya kutosha. Ulipuliza filimbi, wakadhani unawahimiza waongeze mwendo, wakaongeza.

Aliyewasimamisha ni Maganga. Alikuwa hajarudi Tabora, alikuwa na kibanda cha kushona viatu pale kando. Alipanda juu ya stuli yake, mzee yule na kitambi chake, akaufungua mdomo.

"Waluguru nyie, watumwa wangu," akapaza sauti, polepole, kana kwamba ana siku nzima. "Nimesema siku zote mnazaliwa mkiwa vipofu, watu wananikatalia. Kimbieni, mkamwambie nyani mmoja mmoja kule juu kwamba bwana wenu Maganga amemwachia ndizi azile."

Unajua wewe utani ulivyo. Mtu anaweza kupuuza filimbi, anaweza kupuuza kifo, lakini mtani akikutukana mbele za watu na ukanyamaza, umekula hasara. Mama wa mbele kabisa, yule aliyekuwa anauza mdalasini, alisimama palepale na kikapu kichwani akageuka kumjibu. Waliokuwa nyuma yake wakasimama, nao wakageuka. Na wote, walipogeuka, nyuso zao zikaelekea kiwandani, na juu ya kichwa cha Maganga, mbinguni, wakauona mguu mwekundu unawafuata.

Yule wa mdalasini alisema tu, "Mama yangu," akainyoosha mikono miwili kando kuonyesha njia ya kukatiza upepo, kama ulivyomfundisha, na soko zima likapinda kona kuelekea barabara ya Dodoma. Nilipinda nao, nimemshika mama mkono, khanga zilizolowa maji puani. Maganga alishuka kwenye stuli akatufuata, bado anatukana. Tulipanda tuta la barabara tukageuka. Gesi ilipita pale soko lilipokuwa, chini chini, rangi ya jani linalotaka kukauka, ikafuata mtaro kuelekea mlimani peke yake. Kulikuwa kimya. Kuku wawili waliosahauliwa walilala. Ilikuwa nzuri kwa macho, Mungu anisamehe.

Wewe hukuwa nasi. Uliingia kwa kukatiza upepo, na kitambaa kilicholowa usoni, ukawaburuta wale wakata vyuma mmoja baada ya mwingine mpaka nje ya njia ya gesi. Wote wawili wapo hai mpaka leo, mmoja ni kondakta. Kisha ukarudi ukafunga koki, kwa sababu ni wewe uliyejua iko wapi na inafungwa kwa kugeuzwa upande gani. Sikukuona ukirudi kule ndani. Ningekuona ningepiga kelele.

Baada ya hapo wahusika walipatikana. Lilikuja lori na watu waliovaa vinyago, wakaipakia mitungi mmoja mmoja kwa uangalifu kama wanabeba wagonjwa, wakaondoka nayo. Mama alinituma hospitalini nikwambie. Ulikuwa umelala na hewa inakuingia kwa taabu. Nilikwambia, "Mjomba, banda ni tupu. Umekabidhi."

Ulifumba macho muda mrefu. Kisha ukaniambia nikugeuzie kitanda. Sikuelewa, nikamwita nesi, tukakisukuma pamoja mpaka kichwa chako kikaelekea dirisha la kusini. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Uluguru ilikuwa imesimama pale, buluu, na vijito vinang'aa kwenye mikunjo yake, na moshi wa jiko la mtu unapanda karibu na kileleni. Ulisema, "Leo niacheni niutazame." Ukautazama mpaka giza, na asubuhi pia. Siku zilizobaki hukutazama kitu kingine.

Tulikupandisha Matombo kwa lori, na pale barabara inapokoma wapwa wako na vijana wa ukoo wakaliweka jeneza begani. Kwenye mwinuko wa kwanza tu, Maganga akatokea. Alikuwa amevaa kofia yako ya njano na filimbi yako, na fimboni amefunga kipande cha suruali nyekundu. Akajilaza njiani, akalia na kucheka kwa pamoja. Watani msibani hiyo ndiyo kazi yao, lakini siku ile hata padri alisimama.

"Hapiti," akasema. "Mtu huyu alitukataza kuutazama mlima maisha yake yote. Kumbe alikuwa anautaka peke yake. Mwizi huyu. Hapiti mpaka aombe radhi."

Wazee wa ukoo, walewale uliowarudisha mara mbili, walijaribu kumpa kitu cha kumwondoa, kama ada ilivyo. Alikataa kila walichompa. Mwishowe mama akatoka kwenye msafara, akapiga magoti mbele yake kwenye udongo mwekundu. "Mtani," akamwambia, "alikuwa anatulinda tu. Sasa muache aende kwao."

Maganga alisimama, akajifuta matope, akainua fimbo yake juu. Sote tulitazama. Kitambaa kilining'inia kidogo, kikajaa, kikanyooka kwa upole kuelekea bondeni. Upepo ulikuwa unashuka kutoka juu, wa baridi, una harufu ya migomba na mdalasini.

Akapuliza filimbi. Ndefu, moja. "Upepo unatoka mlimani," akasema. "Juu ni salama. Mpitisheni."

Mjomba, mimi ndiye ninayeshona sasa. Cherehani ni ileile ya mama. Jana mwishoni mwa mkutano nilimfuata yule binti wa serikali, nikamshika mkono, nikamwambia soksi yake ni nzuri lakini amesahau neno moja la kuwaambia watu wa hapa. Akaniuliza neno gani. Nikamwambia lile neno lako la mlima na soksi, naye akalisema mbele ya mkutano wote kabla hawajatawanyika, na sisi wenyeji wachache tuliobaki tukaitikia kwa pamoja, kama kanisani. Wageni walicheka. Waache wacheke, na sisi tulianza hivyohivyo.

Lala pema, na uutazame mpaka ushibe. Huku bondeni tunatazama mguu.

Akupendaye daima,
Mpwa wako, uliyembeba begani kutoka Matombo.